Unataka kukagua skafoldi saiti? Anzia huku

Vijana wengi wa usalama kazini wananiuliza wasome kozi gani ili waruhusiwe kukagua skafoldi, yaani jukwaa la muda wanalosimama mafundi wakijenga. Kozi zipo na nitazitaja, ila tuelewane mapema, mkaguzi lazima awe na mafunzo, awe na uzoefu, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi, vyote vitatu kwa pamoja. Ukikosa kimoja unakuwa mtu wa kutia sahihi tu, na huko juu kuna watu wamebeba karai za zege wanaiamini hiyo sahihi yako.

Hatua ya 1: kaa na wanaofunga
Kabla ya darasa lolote omba uwe saidia fundi kwenye gengi la skafoldi, funga na fungua kwa mikono yako. Hapo ndo utajua ile klampu (kishikizo cha kuunga bomba na bomba) ya kona inayobeba mzigo haina kazi moja na ile ya kuzunguka, na kwa nini nguzo inakaliwa na sahani ya chuma halafu chini yake ubao mpana. Utajua pia kwamba zile bomba zinazoshika jukwaa ukutani mafundi wa lipu hawazipendi kabisa, zinawazuia, wanazing'oa wapige lipu yao na hawarudishi. Jukwaa la asubuhi na la jioni linaweza kuwa vitu viwili tofauti, na hilo huwezi kulisoma kwenye makaratasi.

Hatua ya 2: sasa nenda kozi
Uingereza kuna mpango wa kufundisha na kusajili mafundi wa skafoldi unaitwa CISRS, wana kozi ya ukaguzi ya msingi na ya juu, na wana tawi la nje ya Uingereza ambalo waliofanya kazi nchi za Ghuba, kule Uarabuni, wengi wanalijua. Ukisoma ya msingi unakagua skafoldi za kawaida, basi. Za kuning'inia, au iliyojengwa kwa mchoro maalumu wa injinia, usiiguse mpaka usome kozi ya juu. Mafunzo ya kufanya kazi kwenye urefu ni mazuri lakini yanakufundisha wewe usianguke, hayakufanyi mkaguzi, watu wanachanganya sana hapa. Kabla hujalipa ada uliza kama kuna vitendo, yaani mnapelekwa kwenye jukwaa lenye kasoro mkazitafute wenyewe. Kama ni slaidi tu, tunza hela yako.

Hatua ya 3: jua lini unakagua
Kabla jukwaa halijatumika mara ya kwanza, kisha lisipite siku 7 bila kukaguliwa, na tena baada ya mvua kubwa, upepo, kugongwa na gari au kubadilishwa. Hivyo ndivyo kanuni za Uingereza za 2005 zinavyotaka. Marekani wao ni kabla ya kila shifti, na mimi naona hata ukifuata ya siku 7 bado zunguka kila asubuhi.

Hatua ya 4: kagua na mzoefu, kila mtu aandike ripoti yake
Mkimaliza linganisheni, alichoona yeye wewe ukakikosa ndo somo lako la wiki. Anza chini kila mara. Mvua ikinyesha usiku inama uangalie chini ya ubao wa nguzo, udongo unaweza kuwa umeliwa na maji ubao ukabaki unaning'inia na juu hakuna dalili yoyote. Weka pima maji kwenye nguzo, jaribu klampu kwa spana, kisha panda: reli ya juu ya kuzuia mtu asianguke isipungue milimita 950 kutoka kwenye jukwaa, na uwazi chini yake usizidi milimita 470. Mbao zilizopakwa rangi zikatae, rangi inaficha nyufa.

Na mirunda je, yale majukwaa ya miti? Huku kwetu nyumba nyingi zinajengwa kwa mirunda na kozi za kizungu haziigusi, kwa hiyo jifunze kwa mafundi wazee. Menya gamba uone kama kuna mchwa au kuoza, angalia ufa unaopita kwenye msumari, na mrunda uliokwishatumika saiti mbili tatu ukague hasa kwenye matundu ya misumari ya zamani, hapo ndo unapovunjikia.

Hatua ya 5: barua
Dai barua ya mwajiri inayokutaja kuwa mkaguzi, iseme aina za skafoldi unazoruhusiwa na kwamba unaweza kusimamisha kazi bila kumsubiri foromani. Hii wengi wanaiona ya mwisho, mimi naipa uzito kuliko cheti. Ukikuta kasoro tundika tagi nyekundu ya kukataza watu wasipande na uondoe ngazi, maana tagi peke yake watu wanaipita. Andika ripoti kabla shifti haijaisha: mahali, saa, kasoro, ulichoagiza kifanyike na jina la uliyemwagiza. Jukwaa likirekebishwa likague upya wewe mwenyewe kabla ya kurudisha ngazi, hata kama foromani amekupigia simu kwamba tayari.