Uzamili wa uandishi wa skripti: lipia meza, si jina la chuo

Huhitaji shahada ili uandike filamu. Mtayarishaji hakuombi cheti, anakuomba skripti. Nimeusoma uzamili huu mpaka mwisho na sijutii, lakini wanaoniuliza kama waende, wengi wao nawaambia wasubiri. Anayefaa kwenda ni yule ambaye ameshaandika peke yake, akamaliza skripti moja au mbili, na sasa kazi haisogei mpaka isomwe na watu ambao si ndugu zake. Chuo kizuri kinauza hicho hasa: meza, watu kama kumi wameizunguka, na tarehe ya kukabidhi kurasa isiyosogezwa kwa machozi.

Kwa hiyo unapochagua chuo, ulizia meza. Waandikie wanafunzi walioko huko sasa. Warsha, yaani hiyo meza ya kusomeana kurasa, ina watu wangapi? Kurasa za mtu mmoja zinasomwa mara ngapi kwa muhula? Anayefundisha bado anaandika, au aliacha zamani? Mnasoma kwa sauti? Majibu ya maswali haya yatakufaa kuliko orodha yoyote ya vyuo bora.

Halafu tazama muundo wa kozi, maana vyuo havifanani. Marekani shahada hii kwa kawaida ni MFA, yaani uzamili wa sanaa za ubunifu, ya miaka 2 au 3. Uingereza huitwa MA, na nyingi humalizika kwa mwaka 1, ingawa ile ya National Film and Television School ni ya miaka 2. AFI Conservatory ya Los Angeles inawafundisha waandishi pamoja na waongozaji, watayarishaji, wapiga picha na wahariri, hivyo unajifunza mapema kwamba sentensi yako ni kazi ya mtu mwingine kesho asubuhi. Michener Center ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ni ya miaka 3, ada unalipiwa na posho unapewa, na skripti unaisoma sambamba na fani nyingine kama ushairi au hadithi. Nafasi zake ni chache mno. Omba hivyo hivyo.

Kuhusu mkopo mkubwa, mimi ni mgumu: usichukue. Kazi hii haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, na hao ni watu walio na chama chenye nguvu. Deni halikugoma.

Maombi yenyewe yana vitu vitatu vya maana: sampuli ya skripti, barua ya nia na barua za wadhamini. Sampuli ndiyo inayokuingiza. Msomaji ana rundo mbele yake, na akifika ukurasa wa tano hajui nani anataka nini, ameshakuacha hata kama macho yake yanaendelea. Fuata umbo linalojulikana: herufi za Courier ukubwa wa 12, ambapo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na filamu ndefu iwe kati ya kurasa 90 na 120. Huna haja ya kununua programu ghali. Fountain ni mtindo wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida, na programu za bure zinausoma. Kwenye barua ya nia usieleze ulivyoipenda sinema tangu utotoni. Waombaji wote waliipenda. Eleza hadithi unayoishughulikia sasa na mahali ilipokukwamia.

Ukishaingia, warsha ndiyo kila kitu. Nikupe mfano. Mwenzetu mmoja alileta onyesho la binti anayempa baba yake habari mbaya kutoka hospitali. Ukurasa mzima binti anaeleza ugonjwa, analia, anaeleza tena. Kwenye karatasi lilionekana zuri. Tuliposoma kwa sauti, aliyeshika nafasi ya Baba alianza kucheka, kwa sababu mistari yake yote ilikuwa “Nini?”, “Lini?”, “Una hakika?” Baba hakuwa mtu, alikuwa kipaza sauti. Wiki iliyofuata likarudi hivi:

NDANI. SEBULENI – JIONI

BABA
Nisomee. Miwani siioni.

Neema anafungua bahasha, anasoma kimya. Anaikunja karatasi.

NEEMA
Wanasema urudi Jumanne.

BABA
Basi?

NEEMA
Basi.

Baba anainama kuchukua kikombe. Miwani imo mfukoni mwa shati lake.

Hapakuwa na haja ya kutaja ugonjwa. Na hakuna mhadhiri aliyemwambia aweke miwani mfukoni. Alichoambiwa ni kwamba Baba hana kazi ya kufanya kwenye onyesho. Hapo ndipo pa kujifunza kupokea maoni. Darasa likikuambia “nilichoka hapa”, liamini. Likikuambia “mwandikie aende polisi”, andika pembeni, shukuru, kisha utafute dawa yako mwenyewe. Wakati wa kusoma funga mdomo na utie alama kila mtu anapogeuza ukurasa haraka. Mwandishi anayejitetea dakika kumi amejinyima dakika kumi za kusikia, na amelipa ada kwa ajili yake.

Usikae na waandishi peke yao. Nenda chumba cha wahariri, ukae nyuma, uone onyesho la kurasa tatu likibaki sekunde arobaini na bado likaeleweka. Tafuta mwongozaji mmoja mnayeelewana umpe skripti fupi ya kurasa zisizozidi kumi. Kabla hamjapiga picha, ulizeni kwa maandishi haki za filamu ni za nani. Baadhi ya vyuo hushika sehemu ya haki za kazi iliyofanywa kwa vifaa vyao.

Mradi wa mwisho uchague kwa kujua kwamba utauandika upya mara nyingi, basi uwe hadithi ambayo huichoki, si ile unayodhani soko linaitaka mwaka huu. Na ukiweza, ondoka na skripti mbili zilizokamilika: filamu ndefu moja na kipindi cha kwanza cha tamthilia ya televisheni, kwa sababu atakayeipenda moja atauliza mara moja una nini kingine.

Muhula wa mwisho omba barua za wadhamini wahadhiri wakiwa bado wanakumbuka kazi yako. Kisha wachague wenzako watatu au wanne ambao maoni yao yalikuudhi na baadaye ukayafuata. Wekeni siku moja ya wiki ya kusomeana, hata kwa simu. Atakayekuja bila kurasa apewe wahusika wote wadogo awasome.