Kukadiria umri wa fremu ya chuma ya baiskeli ya mbio ya Kiitaliano

Anayenunua fremu kuukuu ya Italia kwa kawaida huigeuza juu chini na kusoma nambari iliyogongwa kwenye kasha la ekseli ya pedali, akitarajia kupata mwaka. Mara nyingi nambari hiyo ni urefu wa bomba la kiti tu, kwa mfano 56, au ni mfuatano wa karakana ambayo daftari lake halipo tena. Ndiyo maana mimi huanza na vipande vilivyolehemewa kwenye fremu, na stika huziacha mwisho.

Hatua ya 1. Ng'oa vifaa vyote, safisha fremu.

Hatua ya 2. Pima nafasi kati ya ncha za nyuma zinazoshika gurudumu. Tumia kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia milimita), kwa kuwa tepu haiaminiki pale ambapo tofauti ni milimita 4 hadi 6. Nafasi ya milimita 120 ni ya gia 5 za nyuma, 126 ni ya gia 6 au 7, na 130 ni ya gia 8. Chuma hukubali kupanuliwa, kwa hiyo kipimo kikubwa ni ushahidi dhaifu kuliko kidogo.

Hatua ya 3. Chunguza vishikio vya nyaya na vya chupa. Fremu ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kawaida ina bomba la juu tupu, kwa sababu waya wa breki ya nyuma ulishikwa na klipu za kromu, na vijiti vya gia vilifungwa kwa mkanda wa chuma. Kuelekea 1980 vishikio vilizidi kulehemewa kwenye bomba lenyewe, na nyaya za gia, zilizokuwa zikipita juu ya kasha la pedali, zikahamia chini yake. Waya wa breki unaoingia ndani ya bomba ni jambo la miaka ya 1980. Tatizo ni kwamba fremu iliyopelekwa kupakwa rangi upya iliweza kuongezewa vishikio papo hapo, hivyo ya 1972 ikaonekana ya 1982. Na mteja naye aliweza kuagiza bomba tupu hata baada ya mtindo huo kupita. Dalili zikigongana, mimi huamini ncha za nyuma: mfereji mrefu wa ekseli huelekeza miaka ya 1970 au kabla, mfupi huelekeza baadaye, na kuzibadilisha ni kazi ghali ambayo wachache huifanya.

Hatua ya 4. Soma vifaa vya Campagnolo, kampuni ya Italia ya vifaa vya baiskeli, ikiwa vilikuja na fremu. Kibadilisha gia cha Nuovo Record huandikwa mwaka baada ya neno PATENT, kwa mfano PATENT-74. Vifaa huhamishwa, kwa hiyo vihesabu pale tu vinapokubaliana.

Hatua ya 5. Stika. Nakala mpya huuzwa kila mahali, nami sizipi uzito zisipokuwa chini ya vanishi ya asili.

Andika kipindi, tuseme 1978 hadi 1982. Kwa L'Eroica, msafara wa baiskeli za zamani wa Gaiole in Chianti, Italia, unaotaka baiskeli za kabla ya 1987, kipindi hicho kinatosha.