Namna ya kubuni hodhi la kuogea linalobadilika kwa ajili ya mzee, mtoto na mtu mwenye ulemavu

Nyumba nyingi za zamani kidogo za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zina hodhi la kuogea katika bafu la chumba kikuu, na wengi wa wenye nyumba hizo hawaogi humo: hodhi limegeuka pipa la akiba wakati wa mgao wa maji, kata ikielea juu yake. Hakuna anayelilalamikia mpaka mama mzazi apatwe na kiharusi, au bibi aletwe mjini magoti yakiwa yamechoka, ndipo familia inapotambua kwamba ukingo wa sentimita 50 ni ukuta. Wengi huamua kung'oa hodhi lote na kubakiza shawa. Uamuzi huo si mbaya, ila mara nyingi ni wa haraka, kwa sababu nyumba hiyo hiyo ina mtoto anayehitaji kuogeshwa akiwa amekaa, ina mtu ambaye viungo vyake hulegea anapokaa ndani ya maji ya uvuguvugu, na bado ina siku ambazo bomba halitoi. Mwongozo huu unahusu kubuni hodhi linaloweza kutumika kama shawa ya kuingia kwa hatua fupi na kurudi kuwa hodhi kamili siku hiyo hiyo.

Kazi haianzi kwenye hodhi, bali kwa mtu na namna atakavyovuka ukingo. Zipo namna tatu: kuvuka kwa miguu huku ameshika kitu, kukaa juu ya ukingo au kiti kisha kujisogeza na kuingiza mguu mmoja mmoja, na kuinuliwa na msaidizi. Mwombe mhusika ajaribu, akiwa amevaa nguo zake na hodhi likiwa kavu, na umtazame kwa makini anapoweka mkono. Pale anapoutafuta ukuta bila kufikiri ndipo kishikio kinapotakiwa kuwa. Pima urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, pima urefu wa kiti chake cha magurudumu kama anacho, na uandike upande wenye nguvu, kwa kuwa mtu aliyepooza upande wa kulia huingia salama zaidi akitanguliza upande wa kushoto, na kutoka kwake ni kinyume cha kuingia. Bafu lililopangwa kwa ajili ya kuingia tu humnasa mtu wakati wa kutoka, akiwa amelowa na amechoka.

Hapa ndipo wabunifu wengi hukosea. Hudhani kwamba ukingo mfupi ndio unaomfaa kila mtu, ilhali anayejisogeza kwa kukaa anahitaji ukingo ulio sawa na kiti chake. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika, ambavyo viliandikwa kwa ajili ya majengo ya umma lakini vinafaa kuazimwa nyumbani, vinataka kiti cha hodhi kiwe kati ya sentimita 43 na 48 kutoka sakafuni. Anayevuka kwa miguu, kwa upande wake, hataki kuinua unyayo zaidi ya sentimita 10 au 15. Hodhi lisilobadilika haliwezi kuwatosheleza wote wawili, na hiyo ndiyo sababu ya kubuni linalobadilika.

Kwa nini si hodhi lenye mlango

Katika maduka ya ng'ambo suluhisho linalotangazwa zaidi ni hodhi refu lenye mlango ubavuni na kiti ndani yake. Linavutia machoni, lakini lina sharti moja gumu: mtu huingia kwanza, hufunga mlango, kisha husubiri maji yajae, na akimaliza husubiri yatoke yote kabla ya kufungua. Sasa fanya hesabu ya nyumbani kwako. Tangi lililo mita 4 juu ya bomba hutoa msukumo wa takriban baa 0.4, kwa kuwa kila mita 10 za kimo huleta karibu baa 1, na kwa msukumo huo bomba la kawaida laweza kutoa lita 6 kwa dakika au hata pungufu. Hodhi linalohitaji lita 180 litajaa kwa nusu saa, mzee akiwa amekaa uchi. Maji ya moto nayo hayatoshi: hata Dar es Salaam, ambako maji ya bomba si baridi sana, kupata lita 180 zenye nyuzi 39 kunahitaji karibu lita 70 za maji yenye nyuzi 60, na hita nyingi za majumbani hubeba lita 30 au 50. Aidha, mlango unaofunguka kwa ndani hubanwa na uzito wa maji, sifa nzuri kwa kuzuia kuvuja, lakini mtu akizimia ndani hafikiki kupitia mlango huo mpaka maji yatoke. Mwenye pampu, hita kubwa na bomba pana la maji machafu anaweza kulifikiria. Kwa wengine silipendekezi.

Pengo na lango lake

Njia ninayoipendelea kwa hodhi la fibaglasi au akriliki ni kukata pengo kwenye ukingo wa mbele na kulitengenezea lango la kuchomeka na kuchomoa. Lango likiwa limetolewa, hodhi ni shawa yenye kizingiti kifupi; likirudishwa, ni hodhi la mtoto au pipa la akiba. Upana wa sentimita 60 unamtosha mtu mzima pamoja na mkono wa msaidizi wake. Weka pengo karibu na katikati ya hodhi, si kwenye kichwa chake ambako ukuta wa ndani umelala na unyayo huteleza, wala si mkabala na koki ambako mtu atazigonga kwa goti. Kabla ya kukata chochote, pima kwa rula umbali kutoka sakafu ya bafu hadi sakafu ya ndani ya hodhi, kwa sababu baadhi ya mahodhi yameinuliwa juu ya matofali, na mtu akivuka kizingiti cha sentimita 12 hukuta ndani kuna shimo au kuna kilima. Sakafu hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya sentimita 5, usikate. Rekebisha kwanza kimo cha hodhi lenyewe.

Ukingo wa hodhi la namna hii una ngozi mbili na uwazi katikati. Ukishakata kwa grenda yenye kisahani chembamba, uwazi huo lazima uzibwe pande zote tatu kwa kipande cha fibaglasi kilichogandishwa kwa resini ya epoksi, kisha kona zisuguliwe mpaka zisikwaruze paja. Jaza kwanza povu gumu au mbao iliyotiwa dawa ndani ya kizingiti, maana watu watakikanyaga na wengine watakikalia. Msaidizi mwenye mikono miwili na subira anaweza kuimaliza kazi hii kwa siku moja, na siku ya pili huachwa kwa gundi kukauka; atakayekuambia ni kazi ya saa mbili anahesabu kukata tu.

Lango ndilo lenye elimu. Maji yenye kina cha sentimita 30 nyuma ya pengo la sentimita 60 husukuma nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 27, na nguvu hiyo haipungui mpaka maji yatolewe. Kwa hiyo lango lichomekwe kutoka ndani ya hodhi na liwe pana kuliko pengo kwa sentimita 4 kila upande, ili maji yenyewe yalikandamize juu ya mpira wa kuzuia uvujaji. La kwanza nililolibuni nililitia kutoka nje, nikalifunga kwa vitasa viwili nilivyovionea fahari. Siku ya kwanza ya kujaza maji, zulia la ukumbini lililowa kabla sijafika dukani kununua silikoni, na fahari ikaishia hapo. Tumia mpira laini wa silikoni wenye utupu katikati, kama ule wa mlango wa jokofu, na uuweke kwenye lango badala ya kuuweka kwenye hodhi, ili ukichakaa ubadilishwe juu ya meza. Lango lisizidi kilo 4, liwe na vishikizo viwili ambavyo mtu mwenye baridi yabisi ya vidole anaweza kuvikumbatia kwa kiganja, na liwe na mahali pake pa kutundikwa ukutani. Lango lisilo na mahali pake huishia uani.

Hodhi la bati la chuma lililopakwa enameli, au la chuma cha kusubu, ni jambo jingine. Enameli humeguka inapokatwa na kutu huanzia hapo, na la kusubu laweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 kabla ya maji. Hilo liache zima na utengeneze benchi la kuvukia: ubao usiooza au plastiki nene, upana wa sentimita 40 hivi, miguu miwili nje ya hodhi na miwili ndani, yote ikiwa na mipira chini na skurubu za kurekebisha kimo. Mtu hukaa nje, hujisogeza hadi ndani, kisha huoga akiwa amekaa. Akimaliza, benchi huondolewa na mtoto hupata hodhi lake. Kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu benchi hili hushinda pengo la aina yoyote, kwani yeye havuki kwa miguu. Weka sehemu ya kukalia upande wa kichwa cha hodhi, ili azikabili koki na kuzifikia, na uache uwazi wa angalau sentimita 76 kando ya hodhi kwa ajili ya kiti chake.

Vishikio

Kishikio kibovu ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mtu hukiamini. Viwango nilivyovitaja vinataka kishikio kihimili nguvu ya takriban kilo 113, kiwe na unene wa milimita 32 hadi 51, na kiache nafasi ya milimita 38 kutoka ukutani, nafasi inayopitisha vidole bila kunasa mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Kwenye ukuta wa nyuma huwekwa viwili vya mlalo, kimoja kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, kingine sentimita 20 hadi 25 juu ya ukingo wa hodhi kwa ajili ya kuinuka kutoka kukaa. Mimi huongeza cha wima kando ya pengo, palepale mkono ulipotafuta ukuta siku ya majaribio. Tofali za saruji zenye mashimo hazishiki bolti ya kawaida. Ama toboa upande wa pili na ufunge kwa bamba la chuma, ama fungua sehemu ya ukuta, ujaze zege na uache ikomae kabla ya kupachika. Vishikio vya kunyonya kwa mpira na reli za taulo visihesabiwe kabisa.

Maji, joto na umeme

Shawa iwe ya mkono, yenye mpira wa mita 1.5 au zaidi, na itelezeke kwenye fimbo ili aliyekaa na aliyesimama wote waifikie. Koki ziwe za mkono mrefu zinazosukumwa kwa ngumi, na zisogezwe karibu na ukingo wa mbele, ili msaidizi asipime joto huku ameinama juu ya hodhi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kujua kwamba maji yanamchoma, na maji yenye nyuzi 60 huiunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache. Weka kidhibiti cha joto kisichoruhusu maji ya kuogea kupita nyuzi 49, na kwa mzee nyuzi 43 zinatosha. Vichwa vya shawa vinavyopasha maji papo hapo vina tabia ya kuwatisha watu: msukumo ukipungua, maji huwa ya moto zaidi. Kama ndicho ulicho nacho, pampu ndogo itakufaa kuliko kishikio cha tatu, na fundi umeme ahakikishe kuna waya wa ardhini pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30.

Sakafu ya bafu ielekezwe kwenye tundu la maji kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kwa kuwa pengo likiwa wazi maji yatarukia nje, pazia liwepo au lisiwepo. Vigae vyenye kung'aa vibadilishwe au vipakwe dawa ya kuvipa mkwaruzo. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje.

Kabla ya kumkabidhi mhusika, tia lango, jaza maji hadi kina cha kawaida na uyaache usiku kucha juu ya karatasi kavu zilizotandazwa kuzunguka hodhi. Asubuhi karatasi zitaonyesha kona inayovuja. Kisha mwombe aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, pamoja na msaidizi wake, watoe lango na kulirudisha bila wewe kugusa kitu. Wakishindwa, punguza uzito wa lango au ongeza ukubwa wa vishikizo vyake, na ujaze maji tena.