Jinsi ya kupima huduma za kata yako na kuzilinganisha na za jirani

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mtendaji wa kata mkoani Dodoma hadi nilipostaafu. Katika vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata nimesikiliza taarifa nyingi sana zinazosema "huduma zinaendelea vizuri, changamoto ni chache". Taarifa ya namna hiyo haipingiki wala haithibitiki, na mama aliyeamka alfajiri kutafuta ndoo ya maji hana pa kuishikia. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliweka madarakani wenyeviti wengi wapya wa vijiji, mitaa na vitongoji. Hao ndio ninaowaandikia kwanza, pamoja na wajumbe wa kamati za shule na za zahanati. Kazi yenyewe haihitaji kompyuta. Inahitaji kaunta buku, saa, na watu watatu au wanne wanaoaminiwa na pande zote za kijiji.

Msingi wa yote ni huu: pima kile mwananchi anachokipata mlangoni pa huduma. Kilichojengwa, kilichotumwa na kilichozinduliwa ni habari nyingine. Gati la maji, yaani kituo cha umma cha kuchotea maji ya bomba, lililozinduliwa kwa ngoma na kukauka baada ya miezi minne litaendelea kuhesabiwa kwenye taarifa ya miradi iliyokamilika. Mchotaji hana hesabu hiyo.

Na chagueni machache. Kwa mwaka wa kwanza nashauri mambo matano tu: maji, dawa, muda wa kusubiri zahanati, vyoo vya shule na ruzuku ya shule. Mkianza na vipimo thelathini mtapata jedwali linalovutia ambalo hakuna atakayelijaza kufikia mwezi wa tatu.

Kubalianeni maana kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Tuchukue maji. Watu wawili wakitumwa kuhesabu magati yanayofanya kazi bila kuelewana kwanza, mmoja atalihesabu gati linalotoa maji asubuhi tu, mwenzake ataliacha. Mmoja atalihesabu lenye maji ya chumvi yasiyonyweka, mwenzake atakataa. Watarudi na majibu mawili, na kikao kizima kitaishia kwenye ubishi wao badala ya kujadili maji.

Andikeni maana kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa mfano: "Gati linafanya kazi ikiwa, siku tuliyofika bila kutoa taarifa, ndoo ya lita 20 ilijaa ndani ya dakika tano, na wachotaji watatu tuliowauliza walisema lilitoa maji siku zisizopungua tano katika wiki iliyopita." Dakika na siku hizo mnaweza kuzipanga kufuatana na mazingira yenu, ila mkishazikubali zisiguswe mpaka mwaka uishe. Kata mnayotaka kujilinganisha nayo nayo itumie sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno.

Wachotaji wanaulizwa kwa sababu ziara moja inaona siku moja. Tena sisi wa kanda kame tunajua kwamba gati linalotiririka Machi huenda likawa kavu Oktoba. Pimeni walau mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, na muandike tarehe. Anayelinganisha Machi ya kwake na Oktoba ya jirani amepima mvua, hajaipima jumuiya ya watumia maji.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilituwekea kiwango: kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Kitumieni, maana kinawaondolea ubishi wa "kwetu panatosha".

Sasa tuseme kuna kata mbili jirani. Kata ya juu ina magati 12, yanayofanya kazi ni 11, na watu ni 4,400. Kata ya chini ina magati 20, yanayofanya kazi ni 12, na watu ni 9,000. Kwenye taarifa ya miradi kata ya chini inaongoza, 20 kwa 12. Lakini gawanyeni watu kwa magati yanayotoa maji: kata ya juu ni watu 400 kwa gati, kata ya chini ni watu 750. Zote mbili hazijafikia kiwango, ila inayoteseka zaidi ni ile iliyoonekana imeneemeka. Endeleeni hatua moja mbele. Magati manane ya kata ya chini yakitengenezwa, watu wanashuka kutoka 750 hadi 450 kwa gati bila kuchimba kisima kipya hata kimoja. Hapo diwani anakwenda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na hoja iliyonyooka: anaomba vipuri na fundi, mradi mpya utafuata.

Idadi ya watu kwa kata ipo kwenye matokeo ya Sensa ya 2022. Kwa kijiji au kitongoji tumieni rejista ya wakazi, mradi pande zote mbili zitumie chanzo cha aina moja.

Zahanati: hesabuni siku

Swali la "dawa zipo?" linajibika siku ya ukaguzi tu. Ulizeni hivi: mwezi uliopita, dawa hii ilikosekana siku ngapi? Jibu limo kwenye leja ya dawa, na kamati ya usimamizi wa kituo ina nafasi ya kukaa na mganga mfawidhi kuipitia. Chagueni dawa chache ambazo hazitakiwi kukosekana kabisa: mseto ya malaria pamoja na kipimo chake cha haraka, amoksilini ya watoto, ORS na zinki kwa kuharisha, chanjo za watoto, na oksitosini ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Hii ya mwisho naomba iandikwe peke yake, isichanganywe kwenye wastani wa dawa zote. Siku moja bila oksitosini ni siku moja ambayo mama anaweza kufa. Na kwa kuwa hutunzwa kwenye ubaridi, tazameni jokofu kama linawaka.

Mkikuta dawa ilikosekana, msikimbilie kulaumu. Andikeni tarehe ambayo zahanati iliomba, tarehe ambayo Bohari ya Dawa ilileta, kiasi kilichoombwa na kiasi kilichofika. Nimeshuhudia wahudumu wakitukanwa mbele ya wagonjwa kwa dawa walizokwisha kuziomba kwa wakati, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tarehe hizo zitawaonyesha mnyororo ulikatikia wapi.

Kuhusu muda wa kusubiri, chagueni asubuhi ya siku ya kawaida. Kila anayefika apewe kikaratasi chenye saa aliyofika, na mjumbe aliyekaa karibu na mlango wa chumba cha mganga aandike saa aliyoingia. Msiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa wake. Tuseme watu watano wamesubiri dakika 20, 25, 30, 35 na 240. Wastani wake ni dakika 70, na kati ya hao watano hakuna hata mmoja aliyesubiri dakika 70. Wapangeni kuanzia mdogo hadi mkubwa na mchukue wa katikati: dakika 30. Hiyo ndiyo hali ya mgonjwa wa kawaida pale. Kisha mwandikeni pembeni yule wa dakika 240, mkaulize kilichotokea. Huenda muuguzi pekee wa zamu alikuwa chumba cha kujifungulia. Ndiyo maana ukurasa huo huo lazima uonyeshe watumishi waliopo na wanaotakiwa kwa mujibu wa ikama. Namba ya kusubiri isiyo na namba ya watumishi kando yake ni dhuluma.

Shule

Kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Ikiwa inayo 10, na manne yamejaa au hayana milango, wanabaki wasichana 50 kwa tundu. Mimi choo cha wasichana kisicho na mlango sikihesabu, na nawasihi nanyi msikihesabu.

Kwa ruzuku, mpango wa elimu bila ada ulioanza Januari 2016 uliweka shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Mwombeni mwalimu mkuu waraka unaotumika sasa, kisha pigeni hesabu. Kwa kiwango hicho shule ya watoto 600 inatarajia shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Wekeni mbele yenu taarifa ya benki ya shule na muone ziliingia kiasi gani, na tarehe ngapi, kwa sababu fedha za Januari zinazofika Mei hazinunui chaki ya Januari.

Uganda walipofuatilia ruzuku za shule kati ya 1991 na 1995 walikuta shule zilipokea kwa wastani 13% tu ya zilizotengwa. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, na kufikia 2001 zilizofika zilikuwa zaidi ya 80%. Wachumi wamebishana kuhusu mchango wa matangazo hayo, kwa kuwa mageuzi mengine yalifanyika kipindi hicho hicho. Kwangu mimi somo linabaki pale pale: hakuna aliyejua tatizo ni kubwa kiasi gani mpaka mtu alipokwenda shuleni na kuuliza kilichopokelewa.

Kulinganisha kwa haki

Kila namba ilinganishwe na vitu vitatu: kiwango cha taifa, hali yenu wenyewe ya kipindi kama hiki mwaka jana, na jirani anayefanana nanyi. Huyu jirani ndiye mgumu kumpata. Kata iliyo kando ya lami na iliyo ng'ambo ya korongo haziwezi kushindanishwa kwa upatikanaji wa dawa bila kutaja barabara. Kando ya kila namba andikeni idadi ya watu, umbali hadi makao makuu ya halmashauri, watumishi waliopo na fedha zilizopokelewa.

Jihadharini zaidi na vifo na mitihani. Kituo cha afya hupokea rufaa ngumu kutoka zahanati zinazokizunguka, kwa hiyo vifo vyake vitakuwa vingi hata kama kinafanya kazi nzuri kuliko zote. Na shule inaweza kupandisha ufaulu wa darasa la saba kwa kuwarudisha darasa wanyonge kabla ya mwaka wa mtihani. Ulizeni walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba nyuma walikuwa wangapi, kisha muwafuate hao. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, na naunga mkono uamuzi huo.

Mfano mzuri wa kulinganisha tunao nyumbani. Wizara ya Afya ilianza mwaka 2015 kuvipa vituo vya huduma nyota, kuanzia sifuri hadi tano, kwa vigezo vya aina moja nchi nzima. Mara ya kwanza karibu theluthi moja havikupata hata nyota moja. Kilichonipendeza ni kwamba baada ya kupimwa kituo kiliandaa mpango wa kurekebisha yaliyoonekana, na kipimo kilirudiwa 2017/18. Kupima bila kurudi ni kutangaza aibu za watu.

Neno kuhusu hati safi. Kila mwaka taarifa ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotoka, halmashauri hushangilia hati inayoridhisha. Ni jambo jema, lakini hati hiyo inahusu hesabu: inasema taarifa za fedha zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kama gati linatoa maji. Mkurugenzi akiwajibu swali la maji kwa hati safi, mshukuruni, kisha rudieni swali.

Kupata taarifa na kuzisoma mbele ya watu

Anzeni kwa mtendaji na mwenyekiti, mkiwa na barua inayosema mnataka nini na kwa nini. Mapato na matumizi yanatakiwa kuwa kwenye ubao wa matangazo, kwa hiyo tazameni hapo kabla ya kuomba. Mkinyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Itajeni kwa upole. Mtendaji mwenye hofu hutoa karatasi haraka zaidi akijua kwamba sheria inamlinda anapozitoa.

Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, wapelekeeni namba watoa huduma wenyewe: mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa jumuiya ya maji. Wasahihishe palipokosewa na waeleze sababu zao kwa maandishi. Kisha wananchi na watoa huduma wakae makundi mawili mbalimbali, kila kundi litoe alama kwa huduma ile ile, moja hadi tano, na waje pamoja kueleza pale alama zao zinapotofautiana. Wanawake wakae na kundi lao pia. Kuhusu maji na uzazi alama zao mara nyingi ni za chini kuliko za wanaume, na wao ndio watumiaji wakubwa.

Mkitoka hapo andikeni mambo yasiyozidi matatu, na kwa kila moja: nini kifanyike, nani atafanya, tarehe gani. Yasomwe kwa sauti na yaingie kwenye muhtasari wa mkutano. Baada ya miezi mitatu, kwenye mkutano unaofuata, ajenda ya kwanza baada ya yatokanayo iwe ukurasa huo, na magati yahesabiwe upya kwa sentensi ile ile ya ukurasa wa kwanza.