Umemaliza kuweka mfumo mpya, kompyuta inakwama: usikimbilie kufuta

Kabla hujapiga Windows upya, au Linux, au chochote ulichokuwa unaweka, soma kilichoandikwa kwenye skrini. Neno kwa neno. Wanaoniletea mashine husema tu "haiwaki", nikiuliza imeandika nini, kimya. Kama hata feni haizunguki, hilo ni suala la umeme au kifaa, si la mfumo. Mimi nazungumzia mashine inayowaka, inaonyesha nembo ya mtengenezaji, halafu inagoma. Mara nyingi mfumo wako uko salama kwenye diski. Kilichopotea ni kianzishi chake, yaani programu ndogo inayouamsha.

Chomoa flashi uliyotumia, washa tena. Ikigoma, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe (F2, Del, F10 au Esc, hutegemea mashine), uone kama diski inaonekana. Haionekani? Shughulika na diski na nyaya zake kwanza. Inaonekana? Iweke ya kwanza kwenye foleni ya kuwashia.

Ukikuta "No bootable device" na diski ipo, mshuku mkuu ni mgongano wa UEFI, njia mpya ya kuwashia kompyuta, na njia ya zamani, ile ya Legacy. Njia ya zamani husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kuendelea kutoka hapo. UEFI haijali baiti hizo. Yenyewe hutafuta patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT32 yenye faili za kuwashia. Ukiwasha flashi kwa njia moja na BIOS imepangwa kutumia nyingine, usakinishaji unaweza kwenda vizuri hadi mwisho, kisha mashine isione kitu. Windows angalau hukataa mapema: ukiingia kwa njia ya zamani, haikubali diski ya GPT, ule mpangilio mpya wa patisheni. Linux mara nyingi hukuachia uendelee, na hapo ndipo watu hunaswa.

Kuhakikisha, washa Linux kutoka kwenye flashi, fungua terminali, andika `ls /sys/firmware/efi`. Folda ikiwepo, umeingia kwa UEFI. Isipokuwepo, rudi kwenye menyu ya kuwashia: flashi hiyohiyo huenda imeorodheshwa mara mbili, chagua yenye neno UEFI mbele.

Kwa Windows iliyopoteza kianzishi, washa flashi ya Windows kwa UEFI, bonyeza Shift+F10, fungua `diskpart`. `list volume` itakuonyesha patisheni ya FAT32, kwa kawaida ya MB 100 hivi. Angalia usichague flashi yenyewe, maana nayo huwa FAT32. Ichague kwa `select volume` na namba yake, kisha `assign letter=S`, halafu `exit`. Malizia na `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`. Herufi ya Windows hapo huenda isiwe C, kwa hiyo hakikisha kwa `dir` kwanza.

Ukiona `grub rescue>`, usiogope. GRUB, kianzishi cha Linux, imeanza ila haioni faili zake, mara nyingi kwa sababu patisheni imefutwa au namba zimebadilika. Andika `ls`, kagua patisheni moja moja hadi uione `/boot/grub`. Tuseme iko (hd0,gpt2):

`set root=(hd0,gpt2)`
`set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Mfumo ukishawaka, kwa Ubuntu na ndugu zake endesha `sudo grub-install` na `sudo update-grub`, la sivyo kesho utarudi palepale. Kwa njia ya zamani, taja na diski, mfano `/dev/sda`.

Skrini nyeusi baada ya menyu ya GRUB mara nyingi ni kadi ya picha. Bonyeza `e`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl+X. Ukiingia, weka draiva sahihi.

Skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE: mara nyingi kuna mtu kagusa AHCI au RAID kwenye BIOS, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski. Irudishe ilivyokuwa.

Secure Boot nayo hukataa kianzishi kisicho na saini. Ubuntu na Fedora wanazo. Matoleo mengi madogo hawana. Unaweza kuizima, lakini kama kuna Windows yenye BitLocker, ile kufuli ya diski, tafuta kwanza ufunguo wa kurejeshea, kwa sababu huenda ukaulizwa.

Yote yakishindikana, nakili faili zako kupitia Linux ya flashi, linganisha `sha256sum` (namba ya kuhakiki faili) ya faili la ISO ulilopakua na ile ya tovuti rasmi, tengeneza flashi upya, ndipo ufute.