Jinsi ya Kutazama Filamu na Televisheni ya Zamani ya Hollywood Hadi Zikuingie

Mtu anayekaa kwa mara ya kwanza mbele ya filamu ya Marekani ya mwaka 1940 mara nyingi huinuka kabla ya nusu saa kwisha. Picha haina rangi, watu wanazungumza mfululizo, muziki haunyamazi, na kamera haina haraka ya kwenda popote. Hukumu kwamba filamu hiyo imepitwa na wakati hutolewa upesi, nami naona si ya haki, kwa kuwa mtazamaji ameipima kwa kipimo ambacho haikutengenezwa nacho. Filamu za Hollywood za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, pamoja na vipindi vya televisheni vilivyozifuata, vilifanywa chini ya vizuizi vya kila aina: vya mitambo, vya kanuni, vya fedha na vya muda. Anayevijua vizuizi hivyo huanza kuona ufundi mahali ambapo mwingine anaona uzee tu.

Kazi inaanzia kwenye skrini yenyewe. Kuanzia mwaka 1932 studio zilishika umbo moja la picha, ambalo upana wake unazidi kimo kwa kiasi kidogo tu, yaani 1.37 kwa 1, na televisheni ilipokuja ilichukua umbo linalokaribiana sana na hilo. Picha pana ilianza kuenea baada ya mwaka 1953, pale 20th Century-Fox ilipotoa The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, nia ikiwa ni kuwarudisha kwenye majumba ya sinema watu waliokuwa wamenaswa na televisheni sebuleni mwao. Kwa hiyo filamu ya kabla ya hapo ikionyeshwa kwenye televisheni ya leo ni lazima iache nafasi nyeusi kushoto na kulia. Ukiona imejaza skrini nzima, ama imevutwa hadi nyuso zimekuwa pana, ama imekatwa juu na chini na kupoteza sehemu ya kile mwongozaji alichokipanga. Ingia kwenye mipangilio, urudishe umbo la asili, kisha uzime ile huduma ya kulainisha mwendo ambayo televisheni nyingi hutoka nayo kiwandani ikiwa imewashwa. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Huduma hiyo hubuni picha za ziada katikati, hata mchezo uliopangwa kwa uangalifu mkubwa ukafanana na mechi ya mpira inayorushwa moja kwa moja.

Baada ya skrini, tafuta nakala nzuri, na hapa naomba usiwe mvivu. Filamu kadhaa maarufu za zamani hazina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzisambaza, na intaneti imejaa nakala zilizotolewa kwenye nakala za nakala, zenye sauti inayokwaruza na weupe uliokula nyuso zote. His Girl Friday ya mwaka 1940 ni mojawapo. Ukitazama dakika tano za nakala mbovu kisha dakika hizo hizo katika nakala iliyorekebishwa, utaelewa kwamba picha nyeusi na nyeupe si picha iliyokosa rangi. Ni ngazi ndefu ya rangi za kijivu, na mafundi wa wakati ule waliijua kila daraja yake: kitambaa cha hariri kilipaswa kung'aa kwa namna yake, moshi wa sigara kwa namna yake, na shavu la mwigizaji kwa namna yake.

Usidhani pia kwamba kila kitu kimehifadhiwa mahali fulani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu zilichapishwa kwenye mkanda wa naitreti, ambao huwaka moto kwa urahisi wa kutisha na huoza usipotunzwa. Mwaka 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua na kuteketeza sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni asilimia 14 tu ya filamu ndefu zisizo na sauti za Marekani zilizobaki katika hali yake ya asili. Filamu ya zamani iliyo mbele yako imenusurika, na hilo peke yake linastahili subira ya saa moja na nusu.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ushauri wangu ni kuziacha kwanza orodha za filamu bora za wakati wote. Anza na aina ya hadithi unayoipenda tayari. Anayependa hadithi za uhalifu aanze na Double Indemnity ya mwaka 1944, na anayependa vichekesho vya majibizano aanze na hiyo His Girl Friday, ambamo Cary Grant na Rosalind Russell wanakatizana maneno kwa kasi inayowapita hata wazawa wa Kiingereza. Washa maandishi ya chini bila kuona haya, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, maana sauti za wakati ule zilirekodiwa kwa mikrofoni zenye uwezo mdogo na lafudhi za waigizaji zimebadilika. Kisha weka simu mbali. Filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi wenye giza, na habari nyingi hupitishwa kwa macho katika dakika ambazo hakuna anayesema neno.

Sasa twende kwenye kutazama kwenyewe. Leo tumezoea picha inayokatwa kila baada ya sekunde chache, na tunasubiri mkato utuambie tuangalie nini. Waongozaji wa zamani waliweza kuiacha kamera ndani ya chumba kwa muda mrefu na kukuachia wewe uchague. Mfano ulio bora zaidi ninaoujua uko katika Citizen Kane ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Orson Welles na kupigwa picha na Gregg Toland. Mtoto anacheza nje kwenye theluji. Kamera inarudi nyuma, na tunagundua kwamba tulikuwa tukimwona kupitia dirishani. Inampita mama yake aliyesimama hapo dirishani, inaendelea kurudi hadi ilipo meza, ambako mama anaketi pamoja na mtu wa benki ili kutia saini hati zitakazomwondoa mtoto huyo nyumbani. Baba amesimama pembeni akilalamika bila nguvu. Na muda wote huo, katikati ya watu hao wazima, mbali kabisa ndani ya fremu ya dirisha, mtoto anaonekana mdogo kama kidole, akipiga kelele za mchezo wake bila kujua kwamba maisha yake yanaamuliwa nyuma ya kioo.

Onyesho hilo litazame mara tatu. Mara ya kwanza lifuate kama hadithi. Mara ya pili zima sauti uangalie miili tu: nani amekaa, nani amesimama, nani yuko karibu na lenzi, na nani anasogezwa pembeni. Utaona kwamba mamlaka yote yako kwa mama, jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Mara ya tatu rudisha sauti na usikilize dirisha, maana likifungwa, sauti ya mtoto inakatika. Likifunguliwa, baridi na sauti vinaingia tena. Toland aliweza kuweka mtu wa karibu na mtu wa mbali katika ung'avu ule ule kwa kutumia lenzi pana, taa kali na mkanda wa filamu uliopokea mwanga vizuri, na bila kazi hiyo mtoto yule angekuwa doa la ukungu. Namna hii ya kutazama mara tatu inafaa kwa filamu yoyote, ila chagua onyesho moja tu, vinginevyo utachoka.

Kizuizi kilichoacha alama kubwa kuliko vyote ni Kanuni ya Hays, yaani masharti ya maadili kuhusu yale ambayo filamu iliruhusiwa kuonyesha. Ilikubaliwa na studio mwaka 1930, lakini ilianza kutekelezwa kwa ukali katikati ya mwaka 1934, pale ofisi iliyosimamiwa na Joseph Breen ilipopewa uwezo wa kuinyima filamu muhuri wa idhini, na studio mwanachama wa chama cha watayarishaji iliyosambaza filamu isiyo na muhuri ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Kanuni ilidumu hadi mwaka 1968. Mhalifu hakuruhusiwa kufaidi uhalifu wake, mabusu ya muda mrefu na yenye ashiki yalikatazwa, na mahusiano ya kimapenzi kati ya weusi na weupe yalipigwa marufuku kabisa.

Njia rahisi ya kuyaona makali ya kanuni ni kumfuata mwigizaji mmoja akivuka mpaka huo. Mtazame Barbara Stanwyck katika Baby Face ya mwaka 1933, akipanda cheo katika benki ya New York kwa kuwatumia wanaume, huku kamera nayo ikipanda nje ya jengo kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Hata filamu hiyo ilipunguzwa kabla ya kutolewa, na toleo lake kamili liligunduliwa mwaka 2004 katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge, basi hakikisha ni hilo unalolipata. Kisha mtazame katika Double Indemnity, miaka 11 baadaye, akiwa mke anayemshawishi wakala wa bima kumuua mumewe. Hapa hakuna linalosemwa wazi. Tamaa imehamishiwa kwenye mkufu wa mguuni anaposhuka ngazi, na hatia imehamishiwa kwenye mistari ya kivuli ambayo mapazia ya mbao yanaiangusha juu ya watu na kuta. Mwongozaji Billy Wilder na mpigapicha John Seitz walilazimika kusema kwa mwanga yale ambayo maneno yalikatazwa kusema. Alfred Hitchcock naye, katika Notorious ya mwaka 1946, alilikwepa katazo la mabusu marefu kwa kuwafanya wapenzi wake wabusiane kidogo, waachane, wanong'one, kisha wabusiane tena, wakizunguka chumbani kwa zaidi ya dakika mbili. Sisifu udhibiti, lakini ni lazima kukiri kwamba wasanii hawa waliugeuza kuwa lugha.

Kuna lingine ambalo kanuni na desturi za studio zilifanya, nalo halina la kusifiwa. Waigizaji weusi walipewa nafasi za watumishi, na Anna May Wong, mwigizaji maarufu wa asili ya Kichina, alikosa nafasi kuu katika The Good Earth ya mwaka 1937, ikaenda kwa mwanamke mweupe. Hattie McDaniel alipopokea Oscar mwaka 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata, alikuwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Usiruke maonyesho ya namna hii na usiyatetee. Mwangalie mwigizaji aliyepewa sekunde chache uone anazifanyia nini. McDaniel humjibu bwana au bibi wa nyumba kwa jicho kabla ya kumjibu kwa mdomo, na jicho hilo mara nyingi ndilo lenye akili zaidi katika chumba.

Televisheni ya zamani inadai namna nyingine ya kukaa. Filamu ilikuwa na wiki kadhaa za kupigwa. Kipindi kilikuwa na siku chache, na mwanzoni kilirushwa moja kwa moja. Kumbukumbu nyingi za wakati huo zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini iliyokuwa ikionyesha kipindi, ndiyo maana zina ukungu. I Love Lucy, kipindi cha vichekesho kilichoanza Oktoba 1951, inang'aa hadi leo kwa sababu waigizaji wake wakuu, Lucille Ball na Desi Arnaz, walikataa kuhamia New York, kulikorushwa vipindi vingi vya moja kwa moja, wakakubali kupunguziwa malipo ili kipindi kipigwe Hollywood kwenye mkanda wa milimita 35, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji. Aliyepanga taa zilizoziwezesha kamera hizo kupiga kwa wakati mmoja ni Karl Freund, mmoja wa wapigapicha wa filamu ya Metropolis nchini Ujerumani. Ukijua hivyo, sikiliza kicheko. Ball hukisubiri kiishe, hukizidisha kwa kubetua midomo, na huendelea pale tu ukumbi unapomruhusu. Mikanda ya vicheko vilivyopachikwa baadaye haina mwendo huo.

Tazama sehemu moja kwa siku, si kumi kwa mkupuo, kwani ziliandikwa zitenganishwe na wiki nzima, na mizaha inayojirudia huchosha ikipangwa mfululizo. Zingatia pia pale picha inapofifia na kuwa nyeusi katikati ya hadithi. Hapo palikuwa na tangazo, na mwandishi alilazimika kuweka swali gumu kabla yake ili mtazamaji asiondoke. Katika The Twilight Zone, iliyodumu kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, mwanzilishi wake Rod Serling na wenzake walifanya hivyo vizuri sana ndani ya nusu saa.

Ukishazoea, fanya zoezi hili linalounganisha pande zote mbili. Tafuta Marty, tamthilia ya Paddy Chayefsky, kama ilivyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC mwezi Mei 1953, Rod Steiger akiwa mhusika mkuu, kisha filamu ya mwaka 1955 yenye Ernest Borgnine, iliyoshinda Oscar ya filamu bora. Mwandishi ni yule yule, na mwongozaji, Delbert Mann, ni yule yule. Ya televisheni haifiki saa moja na ya sinema ina takribani saa moja na nusu, kwa hiyo zote mbili zinatosha kwa jioni moja. Anza na ya televisheni, na unapotazama ya pili andika pembeni kila onyesho lililoongezwa, pamoja na kila mahali ambapo kamera imepata nafasi ya kutoka nje.