Ukipita stesheni ya Moshi, inama uisome reli

Wengi wakifika stesheni ya Moshi hupiga picha jengo, kisha wanaondoka. Wewe inama. Ubavuni mwa chuma cha reli, chini kidogo ya pale gurudumu linapopita, mara nyingi kuna maandishi yaliyovimba: jina la kiwanda na mwaka chuma kilipotengenezwa. Kutu huyaficha, kwa hiyo nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Saa sita mchana huoni kitu. Kipande cha chaki ukikipitisha juu ya herufi, zinajitokeza zenyewe.

Njia hii Wajerumani waliianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Arusha ilingoja Waingereza hadi 1929. Kwa hiyo mwaka unaousoma unakudokezea chuma ni cha zama zipi, ingawa reli hubadilishwa, usikimbilie kutangaza umepata ya Mjerumani! Kama una watoto, beba futi ya fundi wapime upana kati ya reli mbili, ndani kwa ndani: mita moja kamili, wakati SGR, reli mpya ya kisasa, ni milimita 1,435.

Muombe mkuu wa stesheni ruhusa kwanza. Na treni bado zinapita, hapo si makumbusho.